Dona au sembe: kuku wanakula nini ambacho sisi hatuli?

Kengele ya saa saba mchana imelia. Bwalo limejaa, sahani zinagongana, foleni imefika mpaka mlangoni. Aliye mbele kabisa anachungulia sufuria, kisha anageuka na sura ya msiba: "Jamani, dona leo!" Foleni nzima inaguna. Wenye vijihela mfukoni wanachomoka kimyakimya kwenda kutafuta maandazi.

Mimi nimesoma bweni, na nilikuwa mmoja wa waliokuwa wanaguna. Ugali wetu tuliubatiza jina la "zege". Ulikuwa na rangi ya kijivu, ulinuka kama gunia lililolowa, na siku nyingine ulikuta mdudu amelala humo humo kama yuko kwake. Nilipomaliza shule niliapa kwamba dona na mimi basi tena. Ilinichukua miaka kugundua kwamba nilikuwa nimemhukumu asiye na hatia. Kilichokuwa kibaya kwenye zege letu ni mahindi yenyewe: yalihifadhiwa vibaya, yakaliwa na wadudu, yakapata unyevu. Hata ungeyakoboa mara tatu bado yangekuwa mahindi mabovu.

Kwa hiyo leo tuongee kuhusu nafaka nzima, yaani nafaka inayoliwa bila kuvuliwa ganda lake na bila kung'olewa kiini chake. Kuna habari njema, na kuna sharti moja zito ambalo watu wengi wanaosifia dona hawalitaji. Tutalifikia.

PUNJE MOJA INA NINI NDANI?

Chukua punje ya hindi kavu, iloweke usiku mmoja, halafu ipasue kwa wembe. Utaona sehemu tatu. Juu kuna ganda, jembamba lakini gumu. Kwenye ncha ile iliyokuwa imeshikana na gunzi kuna kiini, yaani mmea mchanga unaosubiri mvua. Na sehemu yote iliyobaki, nyeupe, ni wanga. Huo ni akiba ya chakula cha huyo mmea mchanga.

Ukipima uzito, ganda ni kama sehemu 5 au 6 tu katika 100. Kiini ni kama 10 hadi 12. Wanga unazidi 80. Unaweza kusema: sasa kuna hasara gani kutupa kiganda na kikiini kidogo namna hiyo? Hasara ni kwamba mali iko huko huko. Karibu mafuta yote ya hindi yako kwenye kiini, pamoja na sehemu kubwa ya madini na vitamini. Ganda ndilo lenye makapimlo, zile nyuzinyuzi ambazo tumbo haliwezi kuzisaga lakini haliwezi kufanya kazi vizuri bila hizo.

Tuangalie hesabu. Gramu 100 za unga wa mahindi mazima zina kama gramu 7 za makapimlo. Unga ulioondolewa ganda na kiini una karibu nusu ya hapo, na ukikobolewa sana unashuka zaidi. Madini ya chuma hupungua mpaka kama theluthi moja ya yale yaliyokuwepo. Zinki hivyo hivyo. Magnesi inabaki kama robo. Vitamini B1, inayosaidia mwili kugeuza wanga kuwa nguvu, nayo inabaki kama theluthi. Ni kichekesho kidogo: tunakula wanga mwingi, tunatupa kitu kinachotusaidia kuutumia.

Kinakwenda wapi? Simama nje ya mashine yoyote ya kukoboa mjini au kijijini. Utaona lundo la pumba, na watu wamekuja na magunia kuzinunua. Wafugaji wa kuku, nguruwe na ng'ombe wanajua thamani yake, ndiyo maana wanazilipia.

Viwanda vikubwa siku hizi huongeza virutubishi kwenye unga wa sembe, na hilo ni jambo zuri sana. Kama nyumbani mnanunua sembe ya pakiti, chagueni iliyoongezwa virutubishi. Lakini kinachorudishwa ni baadhi tu ya vitamini na madini. Makapimlo hayarudi.

KUKU WA BATAVIA

Kuna kisa cha kweli kinachohusu kuku, na kilimpatia mtu Tuzo ya Nobel.

Miaka ya 1880, katika kisiwa cha Java ambacho wakati ule kilitawaliwa na Waholanzi, watu wengi walikuwa wanaugua beriberi. Miguu inakufa ganzi, nguvu zinaisha, wengine wanavimba, mwisho moyo unashindwa. Askari waliugua, wafungwa waliugua. Daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa Batavia, mji ambao leo unaitwa Jakarta, akimtafuta kijidudu anayeleta ugonjwa huo. Alikuwa na kuku wa majaribio. Siku moja kuku wakaanza kuyumba kama walevi, miguu haiwabebi. Ajabu ni kwamba wote waliugua, hata wale ambao hakuwa amewafanyia jaribio lolote. Na baada ya miezi kadhaa wakapona wenyewe.

Alipochunguza akakuta habari ya jikoni. Kwa muda kuku wale walikuwa wanalishwa makombo ya wali mweupe kutoka jiko la hospitali ya jeshi. Kisha akaja mpishi mpya, akakataa katakata: mchele wa jeshi hauliwi na kuku wa raia! Kuku wakarudishiwa mchele ambao haujakobolewa, wakapona. Mpishi yule hakujua kwamba ubahili wake ungeingia kwenye vitabu vya sayansi.

Eijkman mwenyewe mwanzoni alikosea tafsiri. Alidhani wanga una sumu na ganda lina dawa ya kuizima. Mwenzake, Gerrit Grijns, ndiye aliyesema mwaka 1901 kwamba hakuna sumu hapo: kuna kitu mwili unakihitaji, na kitu hicho kimeondoka na ganda. Mwaka 1926 watafiti wengine wawili huko huko Java walifanikiwa kukitenga. Ndiyo hiyo vitamini B1. Eijkman alipewa Nobel mwaka 1929.

Sasa usianze kumtisha mdogo wako kwamba akila sembe atapata beriberi. Mtu anayekula sembe na maharage, mboga na dagaa anapata B1 kwingine. Waliougua Java walikuwa wanakula wali mweupe karibu mtupu, kila siku, mwezi baada ya mwezi. Lakini jiulize kuhusu ile nyumba ambayo mwisho wa mwezi mboga inabaki kuwa chumvi na pilipili. Kama unga ndio karibu chakula chote, basi ubora wa unga ndio karibu lishe yote.

KWANI WEUPE ULITOKA WAPI?

Mababu zetu hawakuwa wanakula ugali mweupe. Mahindi yenyewe ni mgeni, asili yake ni Amerika, na yalifika pwani yetu baada ya Wareno kuanza kuja karne ya 16. Kabla ya hapo nafaka zetu zilikuwa mtama, uwele na ulezi. Mpaka leo huko Dodoma na Singida kuna nyumba ambazo ugali wa uwele au mtama ndio ugali, na ule mweupe ni wa wageni.

Kukoboa kulikuwepo, lakini kwa kinu na mchi. Ilikuwa kazi ya wanawake na mabinti, kazi ngumu kwelikweli: kutwanga, kupepeta, kuloweka, kuanika. Unga mweupe ulikuwa dalili kwamba nyumba ina mikono ya kutosha. Ilipokuja mashine, weupe ukapatikana kwa dakika chache, ila heshima yake ikabaki pale pale. Dona nayo ikabaki na jina la chakula cha shule, cha jeshi na cha jela. Rangi nyingine pia zilipata mikosi yake. Wazee wanakumbuka mahindi ya njano ya msaada wakati wa njaa, wakayabatiza "yanga", na mpaka leo ukiwatajia ugali wa njano wanacheka kwa uchungu. Wakati ile rangi ya njano inatokana na vitu ambavyo baadhi yake mwili hugeuza kuwa vitamini A!

Kwa hiyo baba akikataa dona hakatai ganda. Anakataa kuonekana ameishiwa. Ukilijua hilo, utajua pia namna ya kuongea naye.

Na rangi inadanganya pande zote mbili. Ugali wa muhogo ni wa kijivu, lakini muhogo si nafaka kabisa, ni mzizi. Mkate wa "brauni" unaweza kuwa ni unga mweupe uliotiwa rangi ya sukari iliyounguzwa. Soma karatasi yake: kitu cha kwanza kuandikwa kwenye vilivyomo kiwe ngano nzima. Kama kimeandikwa "unga wa ngano" tu, hiyo ni rangi ya bure.

FAIDA UNAYOIONA NA USIYOIONA

Ya kwanza utaiona chooni, tusioneane haya. Wanafunzi wengi wa bweni wanakaa siku tatu nne bila kupata choo, wanaona ni kawaida. Si kawaida. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu wa miaka 10 na kuendelea apate angalau gramu 25 za makapimlo kwa siku kutoka kwenye vyakula vyenyewe, yaani nafaka, maharage, mboga na matunda. Sahani ya ugali wa dona iliyotokana na gramu 200 za unga inakupa kama gramu 14. Umeshavuka nusu, na maharage hujayagusa.

Ya pili ni shibe. Nafaka nzima inasagika polepole tumboni, kwa hiyo sukari inaingia kwenye damu taratibu na njaa inachelewa kurudi. Wale mnaosinzia kipindi cha kwanza baada ya chakula, halafu saa kumi mnatetemeka kwa njaa, mnanielewa.

Usiyoiona ni ya baadaye. Kisukari cha ukubwani na magonjwa ya moyo yamekuwa mengi kwenye familia zetu, hasa mijini. Tafiti nyingi zimeona kwamba watu wanaokula nafaka nzima mara kwa mara wanapata magonjwa hayo kwa kiwango kidogo kuliko wasiokula. Si kinga kamili, maana kuna pia mazoezi, sigara, pombe, chumvi na urithi. Ila ni kitu kimoja unachoweza kukigeuza kwa kutumia sufuria ile ile ya kila siku.

Wasichana, hapa sikilizeni vizuri. Mnapoteza damu kila mwezi, na damu hiyo hujengwa kwa madini ya chuma. Dona, ulezi na mtama vina chuma, lakini kwenye nafaka nzima kuna pia kitu kiitwacho fitati kinachoyashikilia madini yasiingie mwilini kirahisi. Dawa yake iko jikoni. Kamulia ndimu kwenye mboga, au kula chungwa, embe au nyanya mbichi pamoja na mlo, maana vitamini C inasaidia chuma kuingia. Chai nayo usiinywe pamoja na chakula. Subiri kama saa moja. Na bibi zetu walikuwa na njia nyingine: kuchachusha uji, na kutumia kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Vyote viwili hupunguza fitati. Anayetoka Songea au Iringa na kujivunia togwa ana haki ya kujivunia.

HESABU YA MFUKONI

Tuseme nyumbani mko sita na mnatumia kilo 2 za unga kwa siku, kilo 60 kwa mwezi. Ukisaga dona, kilo 60 za mahindi zinakupa takriban kilo 60 za unga. Ukikoboa, kati ya kilo 20 na 30 za kila gunia la kilo 100 zinakwenda kwenye pumba, kutegemea mashine na weupe mnaoutaka. Chukua 25. Ili kupata kilo 60 za sembe inabidi ununue kilo 80 za mahindi. Hizo kilo 20 za ziada ni kama debe zima, kila mwezi. Juu yake unalipa kukoboa, halafu unalipa tena kusaga.

Debe moja kwa mwezi ni madebe kumi na mawili kwa mwaka. Piga mwenyewe kwa bei ya sokoni kwenu. Hiyo ndiyo hoja ya kumpelekea mama, kabla hujaanza kumtajia zinki na magnesi.

UTAANZAJE NYUMBANI?

Kwanza usiingie jikoni kama mkaguzi wa afya. Nimeshuhudia kijana ametoka shule na habari zake mpya, anamwambia mama yake mbele ya wageni kwamba "chakula chetu ni wanga mtupu." Alilala na njaa siku hiyo, na sikumwonea huruma. Anza na kazi, halafu ndipo uongee. Kitu kama hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona leo umeshika ndoo bila kutumwa?"

"Mama, nataka Jumamosi niende mimi mashineni. Naomba nisage kilo tano bila kukoboa, tujaribu."

"Dona? Baba yako huyu atakula dona?"

"Tutachanganya, mama. Nusu kwa nusu. Na mahindi nitayachambua mwenyewe."

"Haya. Ukiyachambua mwenyewe, sawa. Lakini asipokula, utaumaliza wewe."

Kuchanganya ndiyo njia nzuri kuliko zote. Anza na sehemu moja ya dona kwa mbili za sembe, wiki mbili baadaye nusu kwa nusu. Tumbo nalo linahitaji kuzoea. Ukirukia dona tupu siku moja utajaa gesi na utalaumu chakula. Kunywa maji zaidi, kwa sababu makapimlo bila maji hufunga choo badala ya kukifungua. Mtoto mdogo anayeanza kula, mzee mgonjwa, au mtu mwenye matatizo ya tumbo, muulizieni kwanza zahanati kabla ya kumbadilishia chakula.

Mashineni mwambie msagaji aweke chekeche lenye matundu madogo, au asage mara mbili. Ukali wa dona unaokwaruza koo mara nyingi ni unga uliosagwa ovyo tu. Usisage mwingi. Kile kiini chenye mafuta ambacho tumekisifu ndicho pia kinachofanya unga wa dona uharibike upesi. Baada ya wiki kadhaa, hasa kwenye joto la pwani, unaanza uchungu. Saga wa wiki mbili, uweke kwenye chombo chenye mfuniko, mahali pakavu.

Kwenye kusonga, dona inataka maji zaidi kidogo na moto zaidi. Ganda linafyonza maji polepole. Tengeneza uji mwepesi kwanza, uache uchemke kama dakika kumi huku ukikoroga, ndipo uongeze unga na kusonga. Ukiharakisha, ugali utatoka na ladha ya unga mbichi, na hapo ndipo watu husema "dona haina ladha". Ukiivishwa vizuri una harufu nzuri kama hindi la kuchoma.

Ugali siyo mlango pekee. Asubuhi badala ya chai na andazi kuna uji wa ulezi. Ulezi una kalisi nyingi kuliko nafaka nyingine zote tunazozijua, kama miligramu 300 na zaidi katika gramu 100, na punje yake ni ndogo kiasi kwamba husagwa nzima bila mtu kugombana. Uji wa mtama pia mzuri. Chapati: changanya theluthi moja ya unga wa ngano nzima kwenye unga mweupe, ongeza maji kidogo, na uache donge lipumzike nusu saa kabla ya kusukuma. Nani atajua? Makande ya mahindi yasiyokobolewa na maharage ni mlo kamili. Yaloweke usiku kucha, la sivyo utamaliza mkaa wa wiki. Mchele usiokobolewa sana upo, lakini ni ghali na unachelewa kuiva, kwa hiyo sikulazimishi.

Halafu kuna kitu mnakula tayari bila kujua. Hindi la kuchoma pale kituoni ni nafaka nzima. Bisi ni nafaka nzima! Punje imepasuka lakini ganda na kiini vyote vimo. Zikaange kwa mafuta kidogo na chumvi kidogo, ni bora kuliko biskuti kwa mbali.

SASA LILE SHARTI

Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walianza kuugua ghafla: macho ya njano, tumbo kuuma na kuvimba, kutapika. Waliougua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Uchunguzi ulionyesha walikuwa wamekula mahindi yenye sumukuvu. Jirani zetu Wakenya walikuwa wamepata msiba mkubwa zaidi mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui: wagonjwa 317, vifo 125.

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na aina fulani za kuvu kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zilizopata unyevu. Ikiwa nyingi inaua ini kwa siku chache. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka, inaleta saratani ya ini, na watoto wanaoila mara kwa mara wameonekana kudumaa zaidi. Hainuki. Haina ladha. Na kuipika haitoshi: ugali ukichemka saa nzima sumu bado ipo.

Na hapa ndipo penye ugumu. Kuvu hushambulia zaidi sehemu ya nje ya punje na kiini, zile zile tulizozisifu ukurasa mzima. Kukoboa huondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo pamoja na pumba. Kwa hiyo bibi anayesisitiza mahindi yakobolewe si mshamba. Mahindi yakiwa na mashaka, sembe ina usalama zaidi kuliko dona. Ila sumu haipotei yote, na pumba zenye sumu zikienda kwa ng'ombe, sehemu ya sumu inarudi nyumbani kwenye maziwa.

Basi sharti ni hili: dona ni ya mahindi mazuri tu. Mahindi yavunwe kwa wakati, yaanikwe juu ya turubai au kichanja, siyo kwenye udongo mtupu. Yapukuchuliwe bila kupondwa kwa fimbo, maana punje iliyopasuka ndiyo mlango wa kuvu. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, na kama mnaweza, tumieni ile mifuko isiyopitisha hewa. Kabla ya kusaga, mwageni mahindi kwenye ungo na kuondoa kila punje iliyooza, iliyotobolewa, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi. Kuchambua kwa mikono kunapunguza sumu kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa mara nyingi imejaa kwenye punje chache. Hizo punje usimpe kuku wala usipikie pombe. Fukia.

Unga wa dona wa kununua, ambao hujui mahindi yake yalitoka wapi, mimi ninaupita, labda uwe na nembo ya ubora na mwuzaji unayemwamini. Na shule inayopika dona ya mahindi yenye ukungu, viongozi wa wanafunzi wana haki ya kuomba, kwa adabu, kuona stoo. Sisi tungefanya hivyo enzi za zege, pengine tungekuta jambo la kusema.

JARIBIO LA CHUPA NA CHUMVI

Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kipimo chake ni ghali, lakini kuna njia ya wakulima unayoweza kuifanya hata na darasa lako. Tafuta chupa ya kioo yenye mfuniko, iliyokauka kabisa, na chumvi kavu. Kama chumvi imelowa, ianike juani kwanza. Jaza mahindi theluthi moja ya chupa, weka vijiko vikubwa viwili au vitatu vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika moja. Iache itulie robo saa.

Angalia kuta za chupa. Chumvi ikianguka yote chini na kioo kikabaki safi, unyevu uko chini ya asilimia 15. Mpe jua la siku moja zaidi kisha hifadhi. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Yarudishe kwenye turubai siku mbili, uyaingize ndani kila jioni kabla umande haujashuka, halafu rudia jaribio kwa chumvi mpya.